Meno ya mama yanaelea: tatizo ni dawa ya kipimo au ni ukingo?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi Ngamiani hapa Tanga. Mwaka jana aling'olewa meno yote yaliyobaki, na baada ya mwezi mmoja tukamtengenezea meno bandia seti nzima, juu na chini. Kipimo kilichukuliwa mara moja tu, kwa ule uji wa waridi unaoganda mdomoni. Ya juu yanashuka akicheka au akisoma Yasini. Ya chini ndiyo kabisa, yanaelea kama ngalawa, na yamemchubua chini ya ulimi. Sasa daktari mwingine anataka kuanza upya, na anasema atachukua vipimo viwili siku mbili tofauti, cha pili kwa dawa yenye harufu ya karafuu. Kaka yangu yuko Dar, anasema hayo ni mambo ya kizamani, tutafute silikoni au ile mashine ya kupiga picha mdomo. Mama naye anaogopa kutapika. Ipi hasa ndiyo dawa nzuri? Na je, hatuongezewi gharama za bure?"

Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu nyingi.

Naanza na la pesa, maana naona ndilo lililokuchoma. Vipimo viwili si ujanja wa kukutoza mara mbili. Kwa meno ya seti nzima ndiyo njia tuliyofundishwa, na inafundishwa hadi leo. Gharama inayoongezeka haiko sana kwenye dawa, iko kwenye mikono: maabara inamtengenezea mama trei yake peke yake (kile kibebeo cha kuingizia dawa ya kipimo mdomoni), kisha daktari anakaa naye muda mrefu akimwambia tabasamu, toa ulimi, meza mate. Kaka yako naye hakukosea kila kitu, nitamfikia.

Yule aliyewatengenezea mara ya kwanza tumpunguzie lawama kidogo. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishika unabaki hauna kazi, na mwili hautunzi mfupa usio na kazi. Unaliwa na kusawazishwa, kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha polepole maisha yote. Mama alipimwa mwezi mmoja tu baada ya kung'olewa. Ni sawa na kumpimia mtu kiatu mguu ukiwa umevimba: siku ile kiatu kinaingia sawasawa, uvimbe ukishuka kinapwaya. Wengi wetu husubiri kiasi cha miezi miwili au mitatu ndipo tupime. Wapo wanaotengeneza mapema, na si kosa, kwa sababu mtu hawezi kukaa kibogoyo akiwa na harusi ya mjukuu wiki ijayo, lakini lazima umwambie mapema kwamba baada ya miezi michache meno yatahitaji kutiwa bitana, yaani kuongezewa tabaka jipya kwa ndani yaushike ufizi upya. Kama nyinyi hamkuambiwa, pa kulalamikia ni hapo. Uji wa waridi hauna hatia.

Taya la chini ndilo linaloisha zaidi. Watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi, matokeo yakachapishwa 1972, walionekana kupoteza mfupa wa chini takriban mara nne ya wa juu. Kwa hiyo malalamiko ya mama, kwamba ya juu yana nafuu na ya chini ndiyo kabisa, ndiyo ninayoyasikia karibu kila wiki.

Sasa nikueleze meno haya yanashikwa na nini, maana ukilielewa hili utaweza kumuuliza daktari yeyote maswali yanayostahili. Tafuta vipande viwili vya kioo bapa. Tia tone moja la maji katikati, vibandike. Jaribu kuvitenganisha kwa kuvivuta moja kwa moja: vinagoma. Visukume kwa pembeni: vinateleza kama vimepakwa mafuta. Halafu chomeka ncha ya wembe ukingoni ili hewa ipenye, na vitaachia hapo hapo. Meno ya juu yanashika vivyo hivyo. Kioo kimoja ni ufizi na kaakaa, kingine ni bamba la meno, na tone la maji ni mate ya mama. Hakuna gundi wala ndoana. Kuna mambo matatu tu: bamba lilale karibu sana na ufizi, katikati pawe na utando mwembamba wa mate, na ukingo wote uzibe hewa isipenye.

Ukingo huo ndio unaosahaulika. Kwa mbele na pembeni unatakiwa ujaze ule mfereji ulio kati ya ufizi na shavu, ujae bila kuzidi. Kwa nyuma unatakiwa uishie mahali kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini. Jioni mkalishe mama, mwambie afumbue kinywa aseme "aaa", wewe mulika kwa taa ya simu. Utaona mstari ambapo nyama inaanza kutikisika. Bamba likiishia mbele ya mstari huo, hewa inaingia na meno yanashuka. Likipita sana nyuma yake, mtu anatapika. Nafasi ya kukosea ni ya milimita chache tu. Ukiona meno ya juu yanashuka mtu akicheka, mara nyingi chanzo ni ukingo: mdomo ukinyanyuka unalisukuma bamba, hewa inapita, kwisha habari.

Ya chini ni habari nyingine, na hapa sitakudanganya. Bamba la chini halina kaakaa la kulalia, eneo lake ni kama nusu tu ya la juu, lina umbo la kiatu cha farasi, na katikati yake amekaa ulimi ambaye hatulii. Sijawahi kumuahidi mtu meno ya chini yanayong'ang'ania kama ya juu. Ulivyoyafananisha na ngalawa umenirahisishia kazi: ngalawa haizuiwi kuelea, inawekewa matengo isipinduke. Matengo ya meno ya chini ni mbavu zake, zile zinazoshuka upande wa shavu na upande wa ulimi. Zikiwa fupi, yanacheza. Zikiwa ndefu, kila mama anaponyanyua ulimi, sakafu ya kinywa inapanda na kuyasukuma juu, na njiani inachubuka. Kidonda chake cha chini ya ulimi kinaniambia kwamba ubavu wa ndani umezidi urefu.

Umezidi kwa nini? Hapo tunarudi kwenye kile kipimo kimoja. Trei za dukani zina saizi chache, na hakuna mama aliyezaliwa na saizi ya dukani. Unajaza uji, unasukuma, na uji mzito unakwenda unakotaka: unatanua shavu, unabonyeza sakafu ya kinywa. Ukitoka, una sura ya mdomo uliotanuliwa. Ukimwagiwa plasta, fundi maabara anabaki na kinyago kisichomwambia shavu lilikuwa linafika wapi mwenye nalo akicheka. Basi anachora ukingo kwa kukisia. Mafundi wetu wana macho makali, lakini kukisia ni kukisia.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinabaki kuwa ramani. Juu ya plasta yake, fundi anatengeneza trei ya akriliki, ile plastiki ngumu ya meno bandia, ya mama pekee, na kingo zake anaziacha fupi kama milimita mbili. Siku ya pili daktari anachukua kijiti cha kijani, kinafanana na mshumaa mwembamba. Anakipasha kwenye mwali mpaka kilegee, anakipaka kwenye kipande kidogo cha ukingo, anakichovya kwenye maji ya uvuguvugu kisiunguze, anaingiza trei mdomoni. Hapo ndipo anapomwambia mama avute midomo kama anayenyonya chungwa, atabasamu, apeleke ncha ya ulimi shavu la kulia, la kushoto. Shavu lenyewe linakata kijiti mahali linapotaka kupita. Kinatolewa, kinapozwa, linafuata eneo la pili, la tatu, mpaka ukingo wote uwe umechongwa na misuli ya mama mwenyewe. Mimi kabla ya kutia dawa yoyote huiachia trei ya juu ikiwa tupu, yenye mate tu. Ikibaki juu yenyewe, na nikiivuta ikatoa mlio kama mtu anayebusu, najua meno yale yatakaa. Ikidondoka, narudi kwenye kijiti. Dawa haitaniokoa.

Ndipo inapokuja ya karafuu. (Naziita dawa kwa mazoea, hazitibu chochote.) Harufu mnayoisikia ni yujinoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, zile zile za Pemba tunayopakana nayo kwa maji. Inachanganywa na zinki oksidi ikawa kama dawa ya meno ya kubana, inapakwa nyembamba ndani ya trei, na ikiganda inakuwa ngumu kabisa. Uzuri wake ni kwamba inatiririka, haisukumi ufizi, na inanakili kila mkunjo. Ubaya wake ni kwamba inachoma kidogo, wapo ambao miili yao inaikataa, na kwa kuwa ikiganda haipindi haifai mahali penye mfupa uliotokeza na kujikunja. Kwenye joto na unyevu kama wetu inaganda haraka kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi, basi daktari hapotezi muda kuongea. Mdomo mkavu inaunata vibaya. Mwaka wangu wa mwanzo kazini nilimpima mzee mmoja mvuvi mwenye sharubu nene, nikasahau kumpaka mafuta ya mgando. Kipimo kilitoka kizuri sana, na nusu ya dawa ikabaki kwenye sharubu. Aliyeniokoa ni chungwa la Muheza lililokuwa kwenye mkoba wangu wa chakula, kwa sababu mafuta ya ganda la chungwa huyeyusha dawa hii. Mzee alirudi bandarini ananukia kama duka la viungo.

Uji wa waridi unaitwa alginati, na unatokana na mwani, ila si huu wanaoulima kina mama wa pwani yetu. Wetu ni wa jamii ya mwani mwekundu, unatoa kitu kingine. Wa alginati ni wa kahawia, wa bahari za baridi. Ni rahisi, hauchomi, unatosha kabisa kwa kipimo cha kwanza. Adui yake ni kusubiri. Ukiachwa mezani unakauka na kusinyaa, ukiloweshwa unanyonya maji na kuvimba, kwa hiyo plasta imwagwe mapema, ikiwezekana ndani ya robo saa. Na ukikorogwa kwa maji ya bomba ya Januari saa saba mchana, ambayo ni nusu chai, unaweza kuganda kabla trei haijafika mdomoni.

Sasa kaka yako. Silikoni, dawa ya kipimo inayoganda ikawa kama mpira, ni nzuri, hilo halipingwi. Haichomi, inajivuta bila kukatika, na ile bora inaweza kukaa siku kadhaa bila kubadilika umbo, jambo la maana kama maabara yenu iko mkoa mwingine na kipimo kinasafiri kwa basi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo kutoka Leeds, Uingereza, ambapo wagonjwa walitengenezewa seti mbili mbili, moja kwa kipimo cha mwisho cha silikoni na nyingine cha alginati, na wengi walipendelea ya silikoni. Lakini 2005 yalitoka mengine Kanada: kundi moja lilipimwa kwa njia ndefu ya hatua mbili, jingine kwa njia fupi ya uji peke yake, na baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti ya maana katika kuridhika kwao.

Mimi matokeo haya mawili nayasoma hivi. Mwenye tuta la ufizi nene na refu, umpime kwa uji au kwa dhahabu, meno yatakaa. Mwenye tuta lililolala bapa ndiye anayelipia kila kosa la ukingo. Kwa maelezo yako, mama yuko kundi la pili kwa taya la chini. Kwake ningedai trei maalumu na kijiti cha kijani bila mjadala. Kati ya karafuu na silikoni ningemwachia daktari achague anayoifanyia kazi kila siku. Karafuu mikononi mwa anayeijua inaishinda silikoni mikononi mwa anayejifunza. Ningechagua silikoni bila kusita kama mama ana kinywa kikavu, na hili mwambieni daktari wazi kama ana kisukari au anatumia dawa za presha, maana baadhi yake hukausha mate. Vilevile kama karafuu humwasha. Na kama ufizi wa juu mbele ni laini unaotikisika ukiuminya kwa kidole, daktari atahitaji njia nyingine ya kuacha dirisha kwenye trei ili asiukandamize.

Ile mashine ya picha ni nzuri sana kwa mwenye meno. Kwa kibogoyo inahangaika: ufizi ni laini, unang'aa kwa mate, hauna alama za kuifanya mashine ijue imefika wapi, na kamera inaona shavu lililovutwa kando na kioo, haioni shavu linalocheka. Itafika siku. Kwa taya la chini la mama, leo nisingeitegemea peke yake.

Kabla hamjalipia seti mpya, muulizeni daktari kama ya zamani yanaweza kutiwa bitana. Kama meno yenyewe yanakutana vizuri mama akiuma, na sura yake haijabonyea, seti ile ile inaweza kutumika kama trei: kingo zinarekebishwa, dawa inapakwa ndani, maabara inaweka akriliki mpya. Ni nafuu na ni haraka. Kama hayakutani vizuri, bitana ni kutia kiraka kwenye nguo isiyokuenea. Gundi za meno za dukani zinasaidia kwa sherehe ya siku moja. Akianza kumaliza tyubu kila wiki, seti haifai, na zile zenye zinki zikitumiwa kwa wingi muda mrefu zinaweza kudhuru neva. Supaglue isiguse kitu chochote kinachoingia mdomoni. Ipo pia njia ya kupandikiza vipandikizi viwili vya chuma kwenye taya la chini, meno yakabanwa juu yake kama vifungo vya shati. Hiyo ndiyo inayotuliza meno ya chini kuliko zote, na tangu 2002 wapo wataalamu wanaoiona ndiyo inayofaa iwe chaguo la kwanza. Bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi ninazozihudumia, lakini ni haki yenu kujua ipo.

Kuhusu kutapika, mwambie mama asione aibu, wanaume wazima hulia kwenye kiti changu. Aende akiwa amekula kidogo tu, saa mbili tatu kabla. Daktari amkalishe wima, asimlaze. Kidevu kiiname kidogo kifuani ili dawa isielekee kooni. Aanze na taya la chini apate ujasiri. Mama apumue kwa pua, polepole, na wakati trei iko ndani anyanyue mguu mmoja juu kidogo na kuushikilia. Akili ikishughulika na mguu, koo linasahau. Wengine huweka chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi, na huwafaa. Siku ya dawa ya karafuu ni rahisi kuliko siku ya uji, kwa sababu inapakwa nyembamba na hakuna cha kumwagikia nyuma. Wiki moja kabla, akipiga mswaki, ausugue ulimi kila siku akienda nyuma kidogo zaidi ya jana.

Kidonda kile kipone kwanza. Ufizi uliochubuka au uliovimba ukipimwa, mnatengeneza meno yanayoendana na uvimbe, na mtakuwa mmerudi pale pale mlipoanzia. Mama ayavue kuanzia leo, ya chini hasa, na usiku asilale na meno hata yawe mazuri namna gani. Siku moja au mbili kabla ya kipimo asiyavae kabisa, ili nyama irudi kwenye umbo lake. Ukimmulika kaakaani ukaona wekundu uliochorwa sawasawa na umbo la bamba, kuna uwezekano wa fangasi, na inatibiwa kabla ya kipimo. Kidonda cha kuchubuliwa na meno, ukiyavua, kinapungua ndani ya siku chache na kupona ndani ya wiki mbili. Kisipopona, au kikiwa kigumu ukikigusa, kinatoa damu chenyewe, kina utando mweupe usiofutika, au mama anahisi ganzi mdomoni au shida ya kumeza, acheni habari ya meno bandia. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa kwenye kliniki ya kinywa na meno wiki hiyo hiyo, na kama anavuta au anatafuna tumbaku, mseme hapo hapo mnapofika.

Seti ya zamani usiitupe, nenda nayo. Daktari ataitazama ndani aone wapi imeng'aa kwa kusuguliwa na wapi haijaguswa kabisa. Ibebeni kwenye kikopo chenye maji, msiifunge kwenye leso: akriliki haipendi kukauka, na leso ya mama mkiiacha kwenye kiti cha daladala mtakuwa mmepoteza vyote viwili.